Saa Ishirini za Itzel Barrientos

Delbert Kuhlman alifundisha useremala kwa miaka ishirini na tisa katika shule ya sekondari ya Ulmer, mji wa Kansas wenye kiwanda kimoja cha nyama, maghala matatu ya ngano na upepo usiojua likizo. Katika miaka yote hiyo hakikupotea kidole hata kimoja katika karakana yake, si chake wala cha mtoto wa mtu. Jambo hili alipenda kulitaja kanisani, sokoni na hata msibani, huku amenyoosha viganja vyote viwili ili asiyeamini ahesabu.

Alikuwa na desturi yake. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alitengeneza kigoda. Ukimaliza, unakiweka katikati ya karakana, na Delbert, mtu wa kilo mia na kumi, anakikalia kwa uzito wake wote. Kikilia, unarudi mezani. Kikinyamaza, unafagia sehemu yako na unakwenda nyumbani hata kama saa ya kengele haijafika. "Kazi ikiisha imeisha," alikuwa akisema. Watoto walimpenda kwa neno hilo kuliko kwa jingine lolote, na wapo wanaume wazima mjini Ulmer ambao mpaka leo wakimaliza kuezeka paa hulisema.

Kisha wakubwa wa wilaya wakaona useremala umepitwa na wakati. Misumeno ikauzwa, karakana ikajazwa viti vibovu, na Delbert, aliyebakiza miaka minne tu astaafu, akapewa chumba namba 114 chenye kompyuta ishirini. Mwaka mzima wa shule aliwalinda humo waliopewa adhabu. Juni ilipoingia aliwalinda wa masomo ya kiangazi, yaani wale waliofeli somo fulani na bila krediti yake hawapati cheti. Nasema aliwalinda kwa sababu hakuwafundisha. Kompyuta ndiyo iliyofundisha, ikasahihisha, ikatoa alama. Kazi ya Delbert ilikuwa kukusanya simu ndani ya boksi asubuhi, kuamsha waliosinzia, na kuandika neno la siri mtu alipofikia mtihani. Mtoto akimuuliza swali la aljebra, alijikuna kidevu na kusema, "Hebu isome tena taratibu." Hakuwa na jingine la kusema. Aljebra yenyewe aliiacha mwaka ambao ndevu zilimwota.

Ilimuuma. Mtu aliyezoea kushika mkono wa mtoto na kumwonyesha randa inavyotembea, sasa anakaa nyuma ya meza kama bawabu wa benki. Alijitahidi kwa njia zake. Alileta bieroki za mkewe Arlene, mikate ya moto yenye nyama na kabichi ndani, akawagawia saa nne. Ndicho kitu pekee alichoweza kuwapa.

Mwaka wa tatu wa kazi hiyo watoto walikuwa kumi. Masomo yalikuwa wiki nne, siku nne kwa wiki, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Katika hao kumi alikuwemo Itzel Barrientos, miaka kumi na minane, mfupi, mwenye nywele alizozifunga kwa raba ya kufungia bahasha. Alidaiwa somo moja tu, aljebra, nalo hakulifeli kwa kutojua. Mwaka ule msumeno wa kiwandani ulipomkata mama yake mshipa wa kiganja, Itzel ndiye aliyempeleka hospitali kila mara na kumfasiria maneno ya daktari, na kipindi cha aljebra kilikuwa asubuhi. Siku alizokosa zilipozidi, shule ikamfuta darasani. Ndivyo sheria ilivyotaka.

Sasa alikuwa amepata nafasi katika chuo cha mafundi wa laini za umeme, wale wanaopanda nguzo. Waliokubaliwa walikuwa ishirini na wanne, msichana ni yeye peke yake. Chuo kilitaka jambo moja tu: cheti cha sekondari, kabla ya tarehe mosi Julai. Akikikosa, kiwanda cha nyama kilikwisha kumwita, zamu moja na mama yake. Delbert aliwajua vijana wa Ulmer walioingia kiwandani kwa mwaka mmoja tu. Baadhi yao sasa walikuwa na wajukuu.

Siku ya kumi, Jumanne ya wiki ya tatu, saa sita kasoro dakika chache, Itzel aliinua mkono.

"Mwalimu, nimemaliza."

"Somo la leo?"

"Yote."

"Yote yote?"

"Si uje uone mwenyewe basi."

Delbert akaja, akavaa miwani. Kwenye skrini palikuwa na mstari wa kijani uliojaa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na chini yake asilimia tisini na sita.

"Huyu si mtu, ni kikokotoo," akasema Cody Rademacher kutoka kiti cha nyuma. Cody alikuwa kijana mrefu aliyefeli kila kitu isipokuwa chakula cha mchana. Alihudhuria kila siku bila kukosa, akalala kila siku bila kukosa.

"We lala tu, Cody," Itzel akamjibu. "Ukiamka tutakuwa tumeshazeeka."

Delbert alicheka mpaka tumbo likatikisika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufurahi ndani ya chumba namba 114. Kiangazi hiki kilikuwa chake cha tatu, na hakuna mtoto aliyewahi kumaliza kabla ya siku ya mwisho. Wengi walimaliza siku yenyewe, dakika zenyewe, huku wanatoka jasho.

"Kazi ikiisha imeisha," akamwambia. "Kesho usije. Nenda kajipumzishe, mwanangu. Ukanunue viatu vya kupandia nguzo."

"Kweli, Mwalimu? Hakuna kingine?"

"Kipi tena? Si kijani hiki?"

Msichana akamshukuru, akachukua simu yake kwenye boksi, akaenda. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Sikuwahi kuipenda methali hiyo, lakini tangu Juni ile naipenda kidogo zaidi.

Jumatano ya wiki ya mwisho, siku moja kabla ya kufunga, Glenda Voth wa ofisini aliingia chumbani na karatasi mkononi. Glenda alikuwa karani wa shule tangu zama za mashine ya kuchapa, na alitembea kwa haraka pale tu palipokuwa na msiba.

"Delbert, huyu mtoto Barrientos yuko wapi?"

"Yuko kwao. Alimaliza wiki iliyopita. Tisini na sita, Glenda! Umewahi kuona?"

"Ana saa arobaini."

"Saa arobaini za nini?"

"Za kukaa, bwana wee! Za kukaa kitini, chumbani humu. Zinatakiwa sitini. Kwani kile kitabu ulichopewa mwezi wa tano hukukisoma? Si ulitia sahihi kwamba umekisoma?"

Kitabu kilikuwa na kurasa arobaini na mbili. Delbert alisoma ukurasa wa simu na ukurasa wa chakula, akatia sahihi. Usimcheke. Ni nani kati yetu amewahi kusoma kila anachotia sahihi? Lakini ukurasa wa thelathini na moja ulisema wazi: nusu krediti, yaani somo la muhula mmoja, ni saa sitini chini ya macho ya mwalimu, hata kama kazi imekwisha. Anayemaliza mapema aketi. Sheria hiyo haikuwahi kumgusa mtu kwa sababu hakukuwahi kuwa na mtu wa kumaliza mapema.

Delbert aliinuka. Akamwomba Glenda awaangalie watoto, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule.

Mkuu alikuwa Kendra Stucky, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, ambaye naye aliwahi kufagia karakana ya Delbert. Delbert hakukaa. Alisimama mbele ya meza na kusema yote, maana ndivyo alivyolelewa: ukikosea, unalikiri kosa lote, hubakizi hata chembe. Alisema yeye ndiye aliyemruhusu mtoto. Alisema mtoto alikuwa nyumbani siku zote tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Alitaja siku moja moja. Alisema kosa ni lake, mtoto hana hatia, basi aadhibiwe yeye.

Kendra alimsikiliza huku ameshika kalamu bila kuandika.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "sina mamlaka hayo. Mwaka juzi wilaya ya jirani ilikamatwa inapika saa za uongo. Sasa wakaguzi wanakuja kila Agosti, wanaangalia jina kwa jina. Kompyuta inaonyesha arobaini."

"Nitakaa naye Ijumaa. Jumamosi. Jumapili baada ya ibada."

"Jengo linafungwa kesho saa sita. Wanapiga nta sakafu zote, Mwalimu, unajua, na umeme wa viyoyozi unazimwa. Na ile programu ya kompyuta inafungwa kesho hiyohiyo, kwa kila mtu."

"Basi Julai."

"Julai hatuna masomo. Anaweza kuja Agosti kama mwanafunzi wa kawaida, muhula mmoja. Desemba atapata cheti."

"Desemba!" Delbert alisema, akageukia mlango.

Alipotoka, Glenda alikuwa amewaacha watoto kwa dakika moja, amerudi dirishani pake pa ofisini. Akamwita kwa kidole, akateremsha sauti.

"We mzee, mbona umekimbilia ndani kabla hujasema na mimi? Iko fomu." Akaitoa kwenye faili. "Kazi ya mkono nje ya kompyuta, chini ya uangalizi. Mwalimu anaandika saa, anatia sahihi, mkuu anatia sahihi, basi. Wakaguzi wanaikubali."

"Lakini hakufanya kazi ya mkono."

Glenda alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto anayekataa dawa.

"Mimi sijasikia hilo," akasema, akageuza kiti.

Delbert aliichukua fomu mpaka chumba 114. Watoto walikuwa kimya wanabonyeza. Alikuwa mtu wa miaka sitini na moja, mwalimu wa shule ya Jumapili katika kanisa la Wamennonite, na hakukumbuka kuandika uongo hata kwenye karatasi ya kodi. Akilini alimwona Itzel juu ya nguzo na kofia ya manjano. Kisha alimwona amesimama kwenye mstari wa kiwanda, buti za mpira miguuni, miaka ishirini. Akaandika: Saa ishirini. Mazoezi ya aljebra kwa karatasi. Sifuri ya ile ishirini ilitoka kama yai lililokanyagwa. Akatia sahihi. Aliona aibu, na juu ya aibu aliona furaha, na furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Akarudi kwa Kendra, akaiweka mezani.

Kendra aliisoma. Alisoma tena. Halafu akafunika uso kwa viganja.

"Mwalimu, nusu saa iliyopita umesimama hapo hapo ukaniambia alikuwa nyumbani. Umenitajia siku moja moja."

"Nilikuwa sijaijua fomu."

"Ungeniletea hii kwanza ningetia sahihi bila kuuliza. Nakuapia. Ningesema, mzee Kuhlman ameandika, basi imetosha. Kuna mtu mjini humu atakayelitilia shaka jina lako? Sasa nitafanyaje? Nimeshajua! Nikitia sahihi hapa, nimedanganya mimi, na nina watoto wawili wadogo."

Njia ya mwongo ni fupi, tunafundishwa hivyo tangu utotoni. Ya Delbert ilikuwa fupi kuliko zote nilizopata kusikia: ilianza mlangoni ikaishia mezani. Kendra alimrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, na macho yake yalikuwa mekundu. Delbert aliikunja mara nne akaitia mfukoni. Hakumchukia. Ingekuwa nafuu kama angekuwepo mtu wa kumchukia.

Alipiga simu chuoni. Mama aliyepokea alikuwa mpole kupita kiasi. Alisema tarehe mosi ni tarehe mosi, na kwamba wako kumi na wanne wanaongojea nafasi yoyote itakayoachwa. Alimshauri msichana aombe upya kwa mwaka ujao, na akamtakia Delbert siku njema.

Saa sita, watoto walipoondoka, Delbert aliendesha gari mpaka kando ya barabara kuu. Itzel alipata kazi ya siku chache kwenye hema la fataki za Nne Julai, sikukuu ya uhuru. Alikuwa anapanga maboksi mezani, upepo unavuta turubai kana kwamba unalidai. Alipomwona Delbert alitabasamu.

"Mwalimu! Umekuja kununua? Nikuwekee zile za kelele au zile za rangi?"

"Itzel, mwanangu. Kaa kidogo."

Alimweleza. Alieleza vibaya, akarudia, akachanganya kurasa na saa. Itzel alimsikiliza boksi likiwa mkononi.

"Ngoja, Mwalimu. Maswali yangu yamekosewa?"

"Hapana. Yote sawa."

"Kwa hiyo ningekaa tu."

"Ndiyo."

"Bila kufanya kitu?"

"Ndiyo. Siku tano. Mimi ndiye niliyekwambia usije, kosa ni langu, nimewaambia, nimejaribu kila..." Aliona aibu kulia mbele ya mtoto, akageukia barabara, akajifanya vumbi limemwingia.

Itzel aliliweka boksi mezani polepole.

"Basi, Mwalimu, usilie. Ulitaka kunisaidia," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Sijui nitamwambiaje mama. Ameshawaambia watu wote wa zamu yake."

Alhamisi, siku ya mwisho, saa mbili kasoro dakika tano, Itzel aliingia chumba 114. Aliweka simu yake ndani ya boksi, akaenda kwenye kiti chake cha zamani, akaiwasha kompyuta. Mstari ulikuwa kijani vilevile.

Delbert alimsogelea. "Itzel, leo haitasaidia kitu."

"Najua."

"Sasa mbona...?"

"Mama ameniambia nenda kakae. Nimemwelewesha mara tatu. Anasema kama walichotaka ni ukae, basi nenda ukawakalie. Amenifungia na chakula." Alishusha pumzi. "Niache tu, Mwalimu."

Akakaa, mikono juu ya mapaja, akiitazama skrini isiyo na swali. Chumba kizima kilijua. Ulmer haina siri inayolala. Hakuna aliyetania. Hata Cody hakulala. Alikuwa anamtazama msichana yule kisogoni, anageuka, anamtazama tena. Delbert aligawa bieroki saa nne na Itzel akasema ahsante. Nje ya mlango mhudumu wa usafi alikuwa ameshaegesha mashine ya nta, anasubiri.

Saa sita kasoro dakika kumi, Delbert alibandika orodha ukutani, kama alivyotakiwa: jina, alama, saa. Wakaja kuangalia. Cody alikuwa na asilimia sitini na moja na saa sitini na nne. Amepita.

Itzel alikuwa na tisini na sita, na saa arobaini na nne.

Cody aliipitia orodha kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha alichukua kalamu ya ubaoni.

"Mwalimu, zangu zimezidi nne," akasema. "Mimi nilikuwa nalala tu. Apewe yeye."

"Haiwezekani, Cody."

"Na wewe Shayla zimezidi nne. Unazitaka za nini?"

"Mpe," akasema Shayla.

"Nne zangu pia," akasema mwingine.

"Mimi tatu."

"Mimi ninazo mbili. Ziandike."

Cody aliziandika moja chini ya nyingine, kwa mwandiko mkubwa uliopinda, ulimi nje. Alijumlisha kwa vidole, akafuta, akajumlisha upya. Itzel alikuwa bado amekaa kitini, kichwa ameinamisha, mabega yanatikisika.

"Kumi na saba," Cody akasema. "Anahitaji kumi na sita. Zinatosha, Mwalimu. Hebu angalia. Zinatosha na moja inabaki."

Wote tisa waligeuka wakamtazama Delbert. Alivaa miwani, akausogelea ubao, akaipitia hesabu ile tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa sahihi. Hakuwa na pa kuipeleka.